Vitoweo vya Mboga vya India Kusini kwa Mlo wa Nyumbani

Mboga zinazouzwa katika soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili hazitofautiani sana na zile zinazopatikana katika soko la mji wowote wa Tamil Nadu: kabichi, bamia, biringanya, malenge, terere, mishiri, ndizi mbichi za kupika, ndengu na mbaazi. Tofauti iko jikoni. Sisi wa Kisumu tumezoea kuanza karibu kila mboga kwa kitunguu na nyanya, na siku nyanya zinapopanda bei tunaona kwamba mlo umeharibika, ilhali mpishi wa kusini mwa India huandaa kabichi, bamia na malenge kwa mlo mmoja bila kukata nyanya hata moja, na kila kitoweo kikawa na ladha yake. Nimepika kwa namna hiyo nyumbani kwangu kwa miaka kadhaa sasa, kwa ajili ya watu sita, wakiwemo watoto na mama mkwe wangu ambaye hapendi chakula asichokijua, na ninaamini kwa dhati kwamba familia nyingi za hapa zingefaidika kwa kujifunza upishi huu.

Chakula cha Kihindi tunachokijua zaidi hapa kina asili nyingine. Reli ilipofika Kisumu, wakati huo ukiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901, wajenzi wake wengi walikuwa wametoka Punjab, na wafanyabiashara waliofungua maduka baadaye walikuwa hasa wa Gujarat. Ndiyo maana chapati, sambusa na bhajia zimekuwa chakula chetu sote. Majimbo ya kusini, yaani Tamil Nadu, Kerala, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana, yana upishi unaoegemea wali, nazi, ukwaju, maziwa yaliyoganda na punje za haradali. Tena wako watu huko wanaokula ugali: wakulima wa Karnataka husonga unga wa wimbi wakaufinyanga tonge kubwa liitwalo *ragi mudde*, nao huula kwa mboga za majani na mchuzi wa dengu. Wimbi lenyewe lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, likavuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo anayekula kitoweo cha kusini kwa ugali hapaswi kudhani kwamba analazimisha vitu visivyopatana.

Mkaango wa viungo

Aliyenifunza alikuwa jirani yetu, mama kutoka Chennai aliyeishi hapa miaka mitatu akifuatana na mumewe kikazi. Watoto wangu walimwita Amma, neno ambalo kwa Kitamili ni mama, na punde nami nikawa ninamwita hivyo. Siku ya kwanza hakunifundisha kupika mboga yoyote. Aliweka sufuria ndogo motoni, akamimina mafuta vijiko viwili, akaniambia nisimame karibu nisikilize.

Kilichofuata ndicho kiini cha upishi wote huu. Watamili hukiita *thalippu*, familia za Kigujarati za hapa mjini hukiita *vaghar*, na mimi nitakiita mkaango wa viungo. Mafuta yanapopata moto, dondosha punje moja ya haradali. Ikizama na kutulia, mafuta bado ni baridi. Ikiinuka juu na kuzungukwa na vipovu, yako tayari. Tia kijiko kimoja cha chai cha haradali ndogo nyeusi au ya kahawia, kisha funika sufuria nusu, kwa kuwa punje hizi huruka na huchoma mkono. Zitaanza kupasuka moja moja, halafu kwa pamoja, kama matone makubwa ya kwanza ya mvua juu ya bati. Mlio unapoanza kupungua, wala si baada ya kunyamaza kabisa, tia kijiko kimoja cha chai cha dengu nyeupe ziitwazo *urad*, ukoroge mpaka zipate rangi ya dhahabu, jambo linalochukua chini ya nusu dakika. Hapo hapo weka pilipili kavu mbili, majani kumi hivi ya kari yaliyokaushwa maji kwa kitambaa, na mwisho chembe ya unga wa mvuje inayotosha ncha ya kisu. Majani ya kari yakigusa mafuta yatalia kwa ukali na kurusha matone, basi rudi nyuma hatua moja. Harufu ikishapanda, mkaango umekamilika, na usipotia mboga mara hiyo utaungua.

Utaratibu huo una sababu, nami nasisitiza ufuatwe. Haradali isiyopasuka ni ngumu na chungu, na iliyoungua ni chungu zaidi. Dengu za urad huiva upesi kuliko haradali, ndiyo maana hufuata baadaye. Pilipili kavu na majani huungua kwa sekunde chache, na mvuje huungua kabla ya vyote. Mara ya kwanza nilipojaribu peke yangu nilitia haradali katika mafuta baridi, nikaendelea tu ingawa hazikupasuka, na kitoweo chote kikawa na uchungu uliobaki ulimini hadi usiku. Kama mkaango umeungua, umwage, uifute sufuria, uanze upya. Hasara ni vijiko viwili vya mafuta, na hakuna kiungo kitakachoufunika uchungu ule.

Haradali, urad na mvuje hupatikana katika maduka ya viungo ya Kihindi katikati ya mji, na kipimo kidogo cha kila kimoja hudumu miezi. Mvuje una harufu kali ambayo mtu asiyeuzoea huweza kuikataa ukiwa bado mkebeni, lakini katika mafuta ya moto hugeuka na kukaribia harufu ya kitunguu saumu. Wapishi wengi wa India wasiokula kitunguu kwa sababu za dini huutegemea mvuje kwa ladha hiyo. Aghalabu unga wake huchanganywa na unga wa ngano, basi mwenye kudhurika na ngano asome maandishi ya mkebe kwanza. Ukikosa urad, tumia njugu karanga zilizovunjwavunjwa au uziache kabisa. Majani ya kari yasichanganywe na bizari ya mchuzi inayouzwa kwa pakiti: haya ni majani mabichi ya mti wake, na harufu yake haina mbadala. Yaliyokaushwa hupoteza nguvu nyingi, kwa hiyo afadhali kuomba tawi kwa jirani aliye na mti.

Kabichi kwa nazi

Kitoweo cha kuanzia ni *poriyal* ya kabichi, kwa sababu kabichi ni rahisi kupata na husamehe makosa. Poriyal ni mboga iliyokatwa ndogo, ikaivishwa kwa mvuke wake yenyewe juu ya mkaango, ikamaliziwa kwa nazi. Mboga hii haina mchuzi na haipaswi kuwa nao.

Kwa watu sita, chukua kabichi ndogo ya robo tatu ya kilo hivi. Ioshe ikiwa nzima au nusu, kabla ya kuikatakata, ili isibebe maji ndani ya nyuzi zake. Ikate nyembamba sana, nyembamba kuliko ile ya kuliwa na nyama choma, kwa kuwa vipande vinene huiva nje na kubaki vibichi katikati. Andaa mkaango katika sufuria pana au karai, utie kabichi yote, robo kijiko cha chai cha manjano na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ukaigeuze mpaka kila uzi upate mafuta. Nyunyiza maji kwa vidole, si kwa kikombe, kisha funika na upunguze moto. Chumvi itaitoa kabichi maji yake, na maji hayo yanatosha. Baada ya dakika tano fungua, ongeza moto kidogo, ugeuze kwa dakika tatu nyingine mpaka unyevu wa chini ukauke. Kabichi iwe laini lakini bado na ukakamavu kidogo chini ya jino, na rangi yake iwe manjano angavu. Ikishaanza kuwa ya kijivu imepita.

Epua, ndipo uchanganye nazi iliyokunwa, nusu kikombe. Nazi haipikwi hapa, inapata joto tu, na ikikaa motoni hutoa mafuta yake na kulemea mboga. Kwetu huku bara nazi husafiri kutoka pwani, na bei yake huonyesha safari hiyo, basi mimi hukuna nazi moja na kuigawa kwa vitoweo viwili vya siku moja. Nazi kavu ya pakiti hufaa ikilowekwa katika maji ya uvuguvugu dakika kumi na kukamuliwa. Pasipo nazi kabisa, kaanga simsim vijiko vitatu vikubwa bila mafuta, uzitwange na pilipili kavu moja na chumvi kidogo, unyunyize unga huo juu ya kabichi. Watu wa Andhra Pradesh na Telangana hutumia unga wa simsim na wa njugu katika mboga zao tangu zamani, na kwa maoni yangu kabichi ya simsim inapatana na ugali kuliko ile ya nazi. Mama mkwe wangu, aliyekataa kugusa nazi katika mboga, aliomba ya simsim mara ya pili.

Ukishaijua kabichi unazijua poriyal nyingine nyingi, kwa kubadili maji na muda tu. Mishiri na karoti hukatwa ndogo kama punje za mahindi, zikahitaji robo kikombe cha maji na dakika kumi zikiwa zimefunikwa. Biti iliyokunwa huchukua dakika kumi na mbili. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba huiva kwa dakika tano bila kufunikwa. Ndizi mbichi zinadai kazi zaidi: paka mikono mafuta kabla ya kuzimenya, utie vipande katika maji yenye manjano na maziwa mala kidogo visiwe vyeusi, uvichemshe mpaka kisu kiingie kwa shida kidogo, uvikaushe, ndipo uvigeuze taratibu katika mkaango.

Ndengu zisizo na mchuzi

Hapa nyumbani ndengu ni mchuzi wa kuliwa kwa chapati. Huko Kerala huzifanya kavu, punje kwa punje, katika aina ya kitoweo kiitwacho *thoran*, na watoto wangu huzipenda hivyo kuliko namna nyingine yoyote.

Loweka kikombe kimoja cha ndengu nzima kwa saa nne, uzichemshe katika maji mapya bila chumvi kwa moto mdogo. Hatari ni kuzivusha: zinapaswa kupondeka kati ya vidole viwili huku ganda likiwa bado halijafunguka. Baada ya kulowekwa hivyo huchukua dakika ishirini hadi ishirini na tano hapa Kisumu. Ndugu zangu wa Nakuru, walio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari wakati sisi tuko 1,131, waongeze dakika chache, kwa kuwa maji yao huchemka kwa joto la chini zaidi na nafaka za jamii ya kunde huchelewa kulainika. Zikiiva zichuje, na maji yake yasimwagwe, yatafaa baadaye.

Wakati zinachemka, twanga katika kinu nazi iliyokunwa nusu kikombe, pilipili mbichi moja au mbili, punje mbili za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba na chembe ya manjano. Neno la kushika hapa ni kutwanga, si kusaga. Mashine huifanya nazi kuwa uji, na thoran inataka nazi iliyochubuka tu, ikashika harufu ya bizari huku ikibaki chenga chenga. Andaa mkaango bila mvuje, tia ndengu na chumvi, zisukume pembeni mwa karai na kuacha shimo katikati, uweke mchanganyiko wa nazi humo na kuufunika kwa ndengu. Funika karai dakika nne, moto mdogo. Ukifungua, mvuke utakuwa umeondoa ubichi wa kitunguu saumu. Changanya taratibu na upakue.

Terere na dengu

*Kootu* ni neno la Kitamili kwa mboga na dengu zilizopikwa pamoja mpaka zikawa nzito, nacho ndicho kitoweo cha kuandaliwa siku ambayo hakuna kingine mezani ila ugali au wali. Dengu zake huwa ni ndengu zilizoparazwa na kutolewa maganda, za rangi ya manjano, au mbaazi zilizoparazwa. Inafaa kujua kwamba hizo dengu za manjano wanazoziita *toor*, ambazo ni msingi wa michuzi mingi ya kusini, si kitu kingine ila mbaazi zetu zilizokobolewa na kupasuliwa.

Chemsha nusu kikombe cha ndengu hizo katika vikombe viwili vya maji pamoja na robo kijiko cha manjano na tone la mafuta, ambalo hupunguza povu. Baada ya dakika ishirini na tano zitakuwa zimevurugika. Mbaazi zilowekwe kwanza saa moja, na hata hivyo zinaweza kuchukua saa nzima bila sufuria ya mvuke. Tia fungu mbili kubwa za terere lililochambuliwa na kukatwa, chumvi, na yale maji ya ndengu kama yapo. Likipikwa dakika saba bila kufunikwa hubaki kijani. Ongeza nazi vijiko vitatu iliyosagwa na bizari nyembamba na pilipili kavu moja, ichemke mara moja, epua, kisha umimine mkaango juu yake. Angalia kwamba hapa mkaango unakuja mwisho, tofauti na poriyal, na sauti yake unapogusa dengu za moto huwaita watoto mezani bila mtu kuwaita.

Malenge hufaa sana mahali pa terere. Mrunge, kwa wenye mti nyumbani, hufaa pia, mradi vijiti vyake vyote vitolewe. Saga, ambayo Waluo huiita dek, siipendekezi: uchungu wake hutawala dengu, na mboga hiyo ina upishi wake wa maziwa na subira ambao haupaswi kuvurugwa.

Bamia zisizoteleza

Watu wa magharibi mwa Kenya hatuogopi utelezi, kwani mrenda hutafutwa kwa ajili hiyo. Poriyal ya bamia hutaka kinyume chake. Osha bamia zikiwa nzima na uzikaushe kabisa kwa kitambaa, moja moja, kwa sababu maji ndiyo huamsha utelezi. Zikate vipande vya nusu kidole, uzitie katika mkaango kwenye karai pana, moto wa wastani, bila kifuniko na bila chumvi. Usizikoroge kila wakati. Geuza kila baada ya dakika mbili. Nyuzi zitaonekana kwa dakika tano za kwanza, kisha zitakatika. Baada ya dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, kingo zikiwa za kahawia, tia chumvi na kijiko kimoja cha maji mazito ya ukwaju, ambayo uchachu wake humaliza utelezi uliosalia.

Mchuzi wa maziwa mala

Kitoweo hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, nacho hushangaza wageni kwa sababu kimetengenezwa kwa kitu ambacho kila nyumba hapa inakijua. Kwa Kitamili kinaitwa *mor kuzhambu*. Ni mchuzi mwepesi wa rangi ya manjano, mchachu kidogo, unaomiminwa juu ya wali, na wali wa Ahero ulio moto unaupokea vizuri mno.

Loweka kijiko kimoja kikubwa cha mchele na kijiko kimoja kikubwa cha mbaazi zilizoparazwa kwa nusu saa, kisha usage laini pamoja na nazi vijiko vinne, pilipili mbichi mbili, kipande cha tangawizi cha urefu wa nusu kidole na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Mchele na mbaazi havikuwekwa kwa kujaza tumbo. Wanga wake huyashikilia maziwa yasikatike. Piga vikombe viwili vya maziwa mala kwa mchapo au uma mpaka yawe laini bila mabonge, uchanganye na hicho ulichosaga, robo kijiko cha manjano, chumvi na nusu kikombe cha maji. Maziwa mala yasiwe yametiwa sukari, na yawe yamechachuka vya kutosha: yale ya siku mbili tatu ni bora kuliko ya leo.

Chemsha pembeni vipande vya malenge, au kaanga bamia kama nilivyoeleza. Sasa weka mchanganyiko wa maziwa juu ya moto mdogo kabisa na usiondoke. Koroga polepole, upande mmoja, bila kuacha. Baada ya dakika sita au saba utaona povu jepesi likijikusanya kandokando ya sufuria na kuanza kuelekea katikati, na mwiko utahisi uzito. Hapo ndipo mwisho. Epua kabla haujatokota. Ukiuacha utokote, maziwa hugawanyika kuwa maji na mabonge, na mchuzi uliokatika haurudi. Amma alikuwa akiepua sufuria mikono yote miwili na kuendelea kukoroga nje ya moto kwa dakika nzima, kwa kuwa chini ya sufuria bado pana joto la kukatisha maziwa. Nimemwiga katika hilo, na tangu hapo mchuzi wangu haujakatika. Tia mboga, kisha mkaango ulioongezewa punje chache za uwatu, na usiufunike mpaka upoe kidogo.

Chatini ya njugu

Hii ni ya haraka. Kaanga kikombe kimoja cha njugu karanga bila mafuta, uondoe maganda, usage pamoja na pilipili kavu mbili zilizokaangwa, punje mbili za kitunguu saumu, ukwaju wa ukubwa wa punje kumi za ndengu zikiwekwa pamoja, chumvi na maji ya kutosha kuwa uji mzito, ukamalizie kwa mkaango. Huliwa vizuri na mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu. Njugu zichaguliwe kwa uangalifu kabla ya kukaangwa, na zote zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida zitupwe, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni.

Kuandaa kwa pamoja

Kwa mlo wa kawaida vitoweo viwili vinatosha, kimoja kikavu na kimoja chenye majimaji. Kwa wali mimi huandaa mchuzi wa mala na poriyal ya mishiri isiyo na nazi, na kwa ugali huandaa kootu ya terere na kabichi ya simsim. Vitoweo viwili vya nazi kwa mlo mmoja huchosha, na viwili vyenye uchachu hushindana. Mwenye jiko moja aanze na dengu, kwa kuwa zikifunikwa hukaa na moto wake, kisha apike kitoweo kikavu, na mikaango ya mwisho aifanye wakati watu wananawa mikono. Pima viungo vyote katika kisahani kabla ya kuwasha moto, kwa maana haradali ikianza kupasuka hakuna muda wa kutafuta mkebe wa mvuje.

Kwa ajili ya watoto, acha pilipili kavu zikiwa nzima bila kuzivunja, kwani hutoa harufu na ukali wao hubaki ndani, kisha uziondoe kabla ya kupakua. Pilipili mbichi ya kusagwa ndiyo ya kupunguza. Joto la Kisumu haliihurumii nazi mbichi, basi vitoweo vyenye nazi viliwe siku hiyo hiyo, na kama kuna watakaokula wakichelewa, watengewe sehemu yao kabla ya nazi kutiwa.

Kuhusu majani ya kari, nawashauri wenye uwanja hata mdogo wapande mti wao. Huota kwa mbegu mbichi au kwa chipukizi linalotokea kwenye mizizi ya mti mkubwa, na chipukizi ndilo la haraka zaidi. Ling'oe pamoja na kipande cha mzizi wake, ulipande katika debe lenye matundu chini na udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, ulikinge na jua la mchana kwa wiki tatu za kwanza, na usilizamishe katika maji. Ukuaji wake ni wa polepole mwanzoni. Usichume majani mpaka mche ufike kimo cha goti, na hapo kata ncha ya tawi zima badala ya kuchuma jani moja moja, kwa kuwa panapokatwa ncha huchipua matawi mawili.